Android au iPhone, Ipi Rahisi Kutuma Pesa? Tuliyoyaona Isiolo

Swali hili hutujia karibu kila wiki: nataka kununua simu mpya, nichukue Android ama iPhone? Kawaida tunajibu kwa haraka, chukua ile mfuko wako unaruhusu, huduma zetu zinafanya kazi kwa zote. Lakini juzi tulikuwa Isiolo, tumeweka meza na mwavuli karibu na soko tukiwasaidia wateja mambo ya pesa kwa simu, na hapo tukagundua jibu letu lilikuwa fupi mno.

Mwendo wa saa tatu asubuhi alikuja dada mmoja ameshika iPhone 11 kwa mikono miwili, vile mtu hushika trei ya mayai. Mama yake ni mmoja wa akina mama wa Isiolo wanaonunua maziwa ya ngamia kwa wafugaji na kuyapakia kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa yanaondoka mapema, pesa zinarudi kwa simu, na kutoka kwa simu hiyo hiyo wenye ngamia wanalipwa. Dada ndiye karani wa biashara. Jana yake alikuwa ametoa laini kwa Tecno aliyoitumia miaka minne, akaiingiza kwa iPhone ya mtumba, na Tecno akampa ndugu yake anayesoma Meru.

"Pesa zangu zimepotea," akatuambia. "Ile menyu ya kutuma haipo. Nimetafuta skrini yote."

Wafugaji watatu walikuwa wanamngoja tangu asubuhi. Mmoja alikuwa ameshasema kwamba asipolipwa leo, kesho maziwa yake yataenda kwa mama mwingine. Kwa biashara ya maziwa, hilo si tisho dogo. Nairobi wakikosa mtungi wako siku mbili, wanatafuta mwingine.

Pesa hazikuwa zimepotea. Hili tuliseme wazi kwa sababu tulilisikia zaidi ya mara moja siku hiyo: pesa zako hazikai ndani ya simu. Zipo kwenye akaunti iliyofungwa na nambari yako, na simu ni mlango tu. Kilichobadilika ni mahali mlango ulipo.

Kwa simu nyingi za Android, ukiingiza laini, menyu ya laini inajitokeza yenyewe kati ya programu nyingine, na alama yake unaiona bila kutafuta. Kwa iPhone hakuna alama kama hiyo. Menyu ipo, lakini imefichwa ndani: unaingia "Settings", kisha "Mobile Data" (matoleo mengine huandika "Cellular" ama "Mobile Service"), unashuka hadi chini, na hapo ndipo unaona "SIM Applications". Dada alipoigusa na kuona menyu yake ileile ya zamani, alicheka hadi watu wa meza jirani wakageuka. Alilipa wafugaji wote watatu akiwa amesimama.

Mbona iPhone ifiche kitu ambacho kwetu ni cha kila saa? Tazama tarehe. M-Pesa ilianza Machi 2007, na iPhone ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani mwezi Juni mwaka huohuo. Ni kama watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja, kila mmoja nchi yake, bila kujuana. M-Pesa ilitengenezwa ikae ndani ya laini, ili hata kabambe ya bei ya chini kabisa iweze kutuma pesa. iPhone ilitengenezwa kwa watu ambao laini kwao ni ya kupiga simu na kupata intaneti, basi. Menyu ya laini ilionekana kama kitu cha kuweka stoo. Android ilipokuja mwaka wa 2008, na hasa ilipofika mikononi mwetu, ilikuwa imebaki karibu zaidi na tabia za simu za zamani. Wengi wanaikumbuka ile Huawei IDEOS ya mwaka wa 2011, iliyouzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000. Kwa watu wengi hapa nchini hiyo ndiyo ilikuwa simu ya kugusa ya kwanza, na menyu ya pesa ilikuwa pale pale mbele ya macho.

Baada ya dada kuondoka tulifanya mchezo. Tuliweka simu tatu mezani: kabambe ya vibonyezo, itel ya bei nafuu, na iPhone ya mwenzetu. Tukatumiana shilingi hamsini hamsini tuone ipi inamaliza kwanza. Kabambe ilishinda. Haikuwa na kitu cha kufungua wala cha kungoja. Vijana waliosimama pale walipiga makofi kana kwamba ni Gor na Ingwe. iPhone ilikuwa ya pili. itel ikaja mwisho, kwa sababu programu ilichukua muda kufunguka, halafu ikataka kusasishwa, halafu bando ikaisha.

Lakini tusiwacheke wenye itel, kwa maana tulirudia mchezo tukitumia nambari ya nyota na mambo yakawa mengine kabisa. Ukipiga *334#, ambayo wateja wa M-Pesa wanaijua, simu zote tatu zinafanana. Haihitaji bando, haihitaji programu, haijali simu yako ni ya mwaka gani. Tena inafanya kazi hata pale mtandao ni hafifu kiasi kwamba WhatsApp inazunguka tu. Mteja mmoja kutoka upande wa Merti alituambia yeye programu huifungua akifika Isiolo mjini tu; akiwa nyumbani ni nyota na reli. Hatukuwa na la kumfundisha.

Ubaya wa nyota ni kwamba haikungoji. Ukichelewa kusoma, inafunga. Simu ikiingia katikati, unaweza kuanza upya. Na huwezi kurudi nyuma kwenda kutazama nambari kwa ujumbe bila kuvunja safari yote. Kwa hivyo andika nambari kando kwanza ama iwe kichwani.

Sasa tuseme ukweli kuhusu neno "Android". iPhone ni kampuni moja na mfumo mmoja. Ukijua kutumia iPhone ya shangazi yako, unajua kutumia ya jirani. Android ni ukoo mkubwa. Google hutengeneza mfumo, kisha kila kampuni inaupamba vile inapenda: Tecno wana HiOS, Infinix wana XOS, Samsung wana One UI. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja ya Uchina, Transsion, lakini hata hizo hazifanani menyu. Mtu akitoka Samsung kwenda Infinix hupoteza siku mbili akitafuta vitu. Kuna pia Android Go, toleo jepesi lililotoka mwisho wa 2017 kwa simu zenye kumbukumbu ndogo. Ukiona simu mpya ya bei ya chini sana, uwezekano ni mkubwa kwamba ni hiyo. Inatosha kutuma pesa na WhatsApp. Haitoshi kuweka programu tano za mikopo, TikTok na michezo ya mtoto, halafu ukashangaa kwamba kutuma pesa kunachukua dakika nzima.

Jambo moja la Android linalowachanganya wengi: kuokoa betri. Simu nyingi za bei nafuu huua programu ambazo hujazifungua kwa muda ili chaji idumu. Matokeo yake, arifa ya programu kwamba umelipwa inaweza kuchelewa. Ujumbe mfupi wa kawaida hauathiriwi. Kwa hiyo muuzaji mwenzetu, usimwachilie mteja na bidhaa kwa sababu anasema "imeshaingia, ni simu yako tu". Angalia ujumbe, na ukiwa na shaka angalia salio. iPhone nayo hubana programu kwa njia yake, kwa hivyo ushauri ni uleule.

Kisha kuna suala la laini mbili. Isiolo, kama kwingi Kenya, mtu ana laini mbili na hajioni kama tajiri. Moja ya pesa, nyingine ya bando. Tecno, itel na Infinix nyingi zina nafasi mbili za laini, unaingiza zote na maisha yanaendelea. iPhone zinazouzwa kwetu kwa kawaida zina nafasi moja tu. Ya pili, kuanzia zile za 2018, ni eSIM, yaani laini isiyoshikika kwa mkono ambayo kampuni ya simu inakuwashia. Inafanya kazi vizuri, lakini inataka uende dukani ama ufuate hatua zake kwa makini.

Hapa tunawaomba wenye jamaa ughaibuni wasome mara mbili. Familia nyingi za Isiolo zina ndugu Minneapolis na kwingineko Marekani, na zawadi ya ndugu mara nyingi ni iPhone. iPhone 14 na za baadaye zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la kuingiza laini. Kijana mmoja alituletea yake akidhani imefungwa kwa gundi. Alikuwa amejaribu kuifungua kwa sindano. Bahati nzuri hakufaulu. Simu kama hiyo inatumika hapa kwa eSIM tu. Na jambo jingine, simu iliyonunuliwa kwa mkopo wa kampuni ya simu ya huko inaweza kuwa imefungiwa mtandao wa huko. Mwambie ndugu aulize kabla hajaipakia kwa sanduku.

Kwa kufungua simu, tuliona tofauti ambayo haimo kwenye matangazo yoyote. iPhone 11 haina sehemu ya kidole, inatambua uso. Kwa dada mwenye hijabu hakuna shida. Kwa mama mwenye nikabu, simu inamkataa kila mara hadi aandike nambari ya siri ya simu, na sokoni hawezi kufunua uso kwa ajili ya simu. iPhone 12 na za baadaye zinaweza kupangwa zitambue uso uliofunikwa mdomo na pua, lakini lazima uziweke hivyo wewe mwenyewe. Android nyingi zina kidole, mara nyingi ubavuni. Hicho nacho kinagoma ukiwa na mikono yenye maji, na mtu anayemimina maziwa mikono yake haikauki. Mzee mmoja mfugaji, vidole vimechubuka kwa kamba miaka na miaka, alituambia simu ya mwanawe "hainijui hata nikijitambulisha". Tulimwekea nambari ya siri ya tarakimu sita na akaridhika.

Kuhusu lugha, Android nyingi zina Kiswahili ndani ya mipangilio, na ukiichagua karibu kila kitu kinabadilika. Kwa iPhone tuliyokuwa nayo hatukupata Kiswahili kwa menyu za simu yenyewe. Menyu za nyota zina chaguo la Kiswahili, na hilo linafanya kazi kwa simu yoyote. Maandishi unaweza kuyakuza kwa mifumo yote miwili. Kwa wasioona, Android ina TalkBack na iPhone ina VoiceOver, zote zinasoma skrini kwa sauti. Tunazitaja kwa sababu wateja wengi walikuwa nazo tayari ndani ya simu na hawakujua.

Sasa tufike pale ambapo urahisi unaweza kukuumiza. Android inakuruhusu kuweka programu kutoka nje ya duka rasmi la Play Store. Mtu anakutumia faili kwa WhatsApp, "bonyeza upate mkopo wa haraka", unabonyeza, simu inakuuliza kama unaruhusu, unaruhusu, kwisha. Programu kama hiyo inaweza kusoma ujumbe wako, zikiwemo zile nambari za kuthibitisha. Kwa iPhone zinazotumika huku kwetu, mlango huo umefungwa. Programu zinatoka App Store. Hii ndiyo sababu moja kubwa ambayo ingetufanya tumshauri mtu asiyejiamini na simu achukue iPhone, kama angekuwa na uwezo. Kwa mwenye Android, dawa ni rahisi: programu za pesa zitoke Play Store peke yake, na ile ruhusa ya kuweka programu zisizojulikana iwe imezimwa.

Hata zile zilizo dukani ziangalie. Tangu Machi 2022 kuna kanuni zinazowataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na mojawapo ya mambo yaliyowakera watu kabla ya hapo ni programu kuchota majina yote ya simu yako na kuwapigia jamaa ukichelewa kulipa. Android na iPhone zote hukuuliza kabla programu haijasoma majina yako. Watu wengi hubonyeza "ruhusu" kama anayefukuza nzi. Programu ya mkopo ikitaka orodha ya majina yako, una haki ya kukataa.

Na hapo kwenye majina, turudi kwa kutuma pesa kwa mtu asiye wake. Hili halina Android wala iPhone. Tuliomba mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Bulla Pesa (ndiyo, mtaa unaitwa hivyo, na hapana, hatukulipia jina) atuonyeshe majina ya simu yake. Tukaona Abdi Miraa, Abdi Mbuzi, Abdi Merti, Abdi Fundi, na Abdi wawili wasio na maelezo. Ukiandika herufi tatu za kwanza, simu yoyote itakuletea ukoo mzima wa Abdi, na kidole gumba kitachagua wa juu. Kinachokuokoa ni jina kamili la mpokeaji linalotokea kabla hujathibitisha. Lisome hadi jina la mwisho. Kama umeshatuma vibaya, usimpigie mpokeaji kwanza. Anza na huduma kwa wateja. Kwa M-Pesa, ujumbe wa muamala unautuma kwa 456 haraka iwezekanavyo, kabla pesa hazijatolewa kwa wakala.

Basi ipi rahisi? Tuliondoka na maoni haya, na ni maoni yetu tu. Mtu akishika simu mara ya kwanza bila kusaidiwa, iPhone inaeleweka upesi kuliko Android nyingi, isipokuwa kwa ile menyu ya laini iliyofichwa. Lakini hakuna anayetumia simu peke yake Isiolo. Unamuuliza binamu, unamuuliza wakala, unampelekea fundi. Na hao wote wanajua Android. Skrini ya Tecno ikipasuka, fundi ana nyingine kwa droo. Ya iPhone anaagiza Nairobi. Chaja ya Android unaazima kwa duka lolote, huku iPhone za kabla ya 15, iliyotoka 2023, zikitaka waya wake maalum. Bei ndiyo hatuhitaji kuizungumzia sana: kuna Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom tangu 2020, na kiwanda cha kuunganisha simu Athi River kilichofunguliwa Oktoba 2023 kilianza na Neon za chini ya shilingi 10,000. Simu ikiwa rahisi kwa mkono lakini hakuna wa kukusaidia ikigoma siku ya soko, urahisi huo ni wa nusu.

Kama bado unahama, kutoka upande wowote kwenda mwingine, fanya hivi kabla ya kugawa simu ya zamani. Hakikisha majina yako yamehifadhiwa kwa akaunti ya Google ama iCloud, si kwa simu tu. Toa ile programu ya pesa kwenye simu ya zamani, kisha ifute simu yote kabisa. Ingiza laini kwa simu mpya, piga nyota uone salio, tuma shilingi kumi kwa mtu wa nyumbani. Ikifika, sasa unaweza kumpa ndugu simu. Na PIN usimwambie mtu anayekusaidia kuhamisha, hata sisi tukiwa tumekaa kwenye meza yetu na mashati yenye nembo.

Yule dada alirudi jioni na mama yake. Mama aliitazama iPhone, akaigeuza, akamrudishia. "Hii ni ya picha," akasema. Kisha akatoa kabambe kwenye leso, akatuuliza kama tunaweza kumwekea Kiswahili kwa ile menyu ya nyota, maana miaka yote alikuwa anakisia kwa kuhesabu mistari. Ilichukua kama dakika moja.